Mkutano wa mwaka ni wa kazi gani? Somo la uvimbe wa taya

Kila mwaka tunapokaribia mkutano mkuu wa chama chetu, maswali ni yale yale: nani atalipa ukumbi, nani atapika, perdiem itakuwa ngapi. Mwaka huu wengine wameuliza kabisa: juu ya nini tukutane, tuko na WhatsApp? Swali ni la haki. Barabara za Ituri tunazijua, na mtu wa Mahagi ao Mambasa hasafiri kuja Bunia kwa kutafuta soda tu.

Mimi ni mtu wa agronomia, lakini jibu nililipata kwa waganga. Wao wako na desturi ya zamani: chama cha wapasuaji, ao cha waganga wa watoto, kinakutana kila mwaka, kila mmoja analeta kesi aliyoiona, anaieleza kwa dakika chache, halafu wenzake wanamuuliza maswali. Ngoja niwape hadithi moja ya kweli iliyotokea jirani kabisa na sisi.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt aangalie mtoto wa miaka mitano hivi. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini. Muda kidogo baadaye Burkitt akaona mtoto mwingine wa namna ile ile huko Jinja. Mtoto mmoja ni ajabu. Wawili, mtu anaanza kujiuliza. Akafungua madaftari ya hospitali, akakuta wengine wengi: hata wenye uvimbe tumboni walikuwa na ugonjwa ule ule wa taya.

Mwaka 1958 alieleza jambo hilo mbele ya Chama cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, akaandika pia makala katika gazeti la wapasuaji la Uingereza. Watu wengi hawakushtuka. Angeweza kunyamaza. Yeye akaendelea kuuliza: akatuma karatasi zenye picha kwa hospitali za Afrika, anauliza tu, «Ugonjwa huu kwenu uko?» Kisha mwaka 1961 akapanda gari pamoja na waganga wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakazunguka wiki 10, karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakipita hospitali zaidi ya 50.

Huyu Ted Williams alikuwa wa wapi? Wa Kuluva, hospitali ya misheni karibu na Arua. Watu wa Aru mnajua: ukivuka mpaka, siyo mbali. Hakuwa profesa wa mji mkubwa. Alikuwa muganga wa kijijini aliyejua kuandika vizuri wagonjwa wake: jina, umri, kijiji, tarehe. Miaka ya 1970 ile kazi ya daftari ilisaidia watafiti wa shirika la kimataifa la saratani la Lyon kupima damu ya watoto 42,000 hivi wa West Nile.

Sasa hapa njo panafurahisha mtu wa agronomia. Ramani ya Burkitt ilionyesha kwamba ugonjwa unaonekana mahali pa joto na mvua, na karibu na ikweta unapotea ukipanda juu ya mita 1,500 hivi. Ukishuka kusini, ule mpaka wa mwinuko nao unashuka. Waganga walifikiri ni mwinuko. Alexander Haddow, mtaalamu wa wadudu wa Entebbe, akawaambia: angalieni joto na mvua. Mwinuko, joto, mvua: si ni vitu vile vile tunavyotumia kuamua mahali pa kupanda kahawa? Mtu asiye mpasuaji aliona kitu ambacho wapasuaji hawakukiona. Leo tunajua kwamba malaria iko na mkono katika ugonjwa huo.

Na virusi je? Tarehe 22 Machi 1961 Burkitt alitoa maelezo katika hospitali ya Middlesex, London. Kati ya wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya kuku. Alipotoka mle, wazo lilikuwa limeshamkamata. Akaomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964, pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr, akatangaza virusi vipya, vinavyoitwa leo Epstein-Barr: virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Makala ya 1958 ilikuwa imeshachapishwa zaidi ya miaka miwili, lakini ile saa moja ya kusikiliza njo iliunganisha Mulago na London.

Tuchukue nini? Kwanza, kila mmoja alete kesi moja ya kweli, ukurasa mmoja tu: nimeona nini, wapi, lini, mara ngapi. Mwenzetu wa Djugu aliyeona migomba inanyauka, alete tarehe na idadi ya mashamba. Pili, tualike watu wa kazi ingine: muganga, mwalimu, mfugaji. Tatu, muda wa maswali usiliwe na hotuba za wakubwa. Nne, wasioweza kufika juu ya usalama watume daftari yao, isomwe mbele ya wote. WhatsApp itabeba picha, sawa. Lakini katika kikundi unasoma unachotafuta. Katika ukumbi unasikia usichotafuta.

Na kuna jambo la haraka zaidi kuliko mkutano wetu. Ugonjwa huu wa Burkitt ungali unashika watoto wa kanda yetu. Unakua upesi sana, ndani ya siku chache uvimbe unaongezeka. Ukiona mtoto taya imevimba, meno yanalegea bila sababu, ao tumbo linavimba haraka, hapana kupoteza wiki kwa kung'oa meno ao kuchanja. Apelekwe hospitali kubwa mara moja, juu ya dawa za saratani ziko na zinaweza kumponya kabisa akifika mapema. Mwambie na jirani yako.

Basi tukutane. Kila mtu aje na ukurasa wake.