Je, Wajua? Kichujio cha vumbi huifaa kompyuta kikisafishwa

Je, wajua kwamba kichujio cha vumbi kilichoachwa kikaziba kinaweza kuipasha kompyuta ya mezani joto zaidi kuliko kama isingekuwa nacho kabisa?

Kivaa, upande wa Masinga katika Kaunti ya Machakos, ni eneo kame. Kati ya Juni na Septemba mvua ni haba, na gari likipita barabara ya udongo, vumbi huingia hadi madukani na madarasani. Feni za kompyuta hulivuta ndani. Fungua kasha la mashine ya saiba iliyotumika muda mrefu: katikati ya vibapa vya alumini vinavyopoza prosesa utakuta utando wa kijivu, mnene kama blanketi, wenye nywele na nyuzi za nguo. Hewa haipiti. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzijoto 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na mwenye mashine hudhani ni virusi.

Kwa hiyo katika eneo kama hili kichujio kina faida kubwa, mradi kisafishwe mara kwa mara. Kile cha wavu wa nailoni huoshwa kwa maji, kikaanikwa hadi kikauke kabisa. Feni za kuingiza hewa nazo zizidi zile za kuitoa, la sivyo vumbi litapenya kwenye kila mwanya usio na wavu.

Na tafadhali, usiipulizie kompyuta kwa kompresa ya fundi wa pancha: tangi lake hukusanya maji. Tumia brashi laini au blowa, umeme ukiwa umezimwa, na ushikilie feni isizunguke.