Kompyuta Kuukuu na Ugonjwa wa Kungoja

Kompyuta ya nyumbani inapozorota, watu husema kwamba imezeeka. Kwa hakika kichakataji chake hakichoki kwa umri: kilichopiga mapigo bilioni 2 kwa sekunde mwaka 2010 chaweza kuyapiga hata leo. Kinachokichelewesha ni kungoja. Diski ya sumaku izungukayo mara 5,400 kwa dakika hutumia takriban milisekunde 11 kwa mzunguko mmoja. Kichwa cha kusomea hungoja, kwa wastani, nusu ya mzunguko huo. Na katika muda huo kichakataji kingalipiga mapigo milioni 11! Kumbukumbu ikijaa, taarifa huhamishiwa kwenye diski hiyo hiyo, na kungoja huzidi.

Basi tuongeze kumbukumbu kwanza, au, lililo bora zaidi kwa maoni yangu, tuweke diski ya elektroniki isiyozunguka, ambayo huipata taarifa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vumbi nalo liondolewe kwenye feni, kwani kichakataji kikipata joto kali hujipunguzia kasi chenyewe. Mwalimu mwenye kompyuta stoo na aijaribu kabla haijatupwa, ila anakili kwanza kazi zote za wanafunzi.