Kasuku wako anauma? Huenda ni wewe uliyemfunza

Wengi wanaofuga kasuku wa kijivu mijini (wengine bila kibali cha KWS, jambo ambalo ni kosa kisheria) hulalamika kuwa ndege aliyekuwa mpole akiwa kinda amegeuka kuwa mkali. Anauma watoto na kupiga kelele kutwa. Lawama hutupiwa ndege, ilhali mara nyingi wenye nyumba ndio waliomfunza tabia hiyo bila kujua.

Kasuku anapouma, mtu huvuta mkono upesi. Ndege hujifunza kuwa akiuma, kinachomwogofya huondoka. Akipiga kelele, mtu hukimbilia kizimba kumkemea. Kwake hayo ni mazungumzo, na atarudia. Kumchapa humzidishia hofu tu.

Mtazame kabla hajauma. Mboni zikipanuka na kusinyaa harakaharaka na manyoya ya shingo yakisimama, mwache kwanza. Akitulia, mfundishe kupanda mkononi kwa kumpa mbegu ya alizeti kila anapotii, kwa dakika 5 au 10 hivi. Watu wazima wote nyumbani washiriki, la sivyo huenda akamzoea mmoja na kuwashambulia wengine.

Akianza kujinyonyoa manyoya, usikimbilie kusema ni upweke. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ni mgonjwa.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi. Naye anayesafisha kizimba akipatwa na homa na kikohozi, amweleze daktari kwamba anafuga kasuku, kwa sababu kuna ugonjwa wa mapafu unaoambukizwa na ndege hawa kupitia vumbi la kinyesi, nao hutibiwa kwa dawa.