Filta ya Nissan kwenye Toyota: inaingia, lakini haifai

Je, filta ya oili ya gari la kampuni moja inaweza kufungwa kwenye gari la kampuni nyingine? Wakati mwingine inawezekana bila madhara yoyote. Wakati mwingine kosa hilo huua injini kabla gari halijafika mpakani. Tatizo ni kwamba filta inayofaa na ile isiyofaa zinaweza kufanana kiasi kwamba hata muuzaji mzoefu hawezi kuzitofautisha kwa macho.

Kwa wafanyabiashara wa vipuri katika miji kama Tunduma, Rusumo, Mutukula na Busia, suala hili si dogo. Magari mengi madogo yanayopita huko yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na ni ya kila aina: Toyota, Nissan, Honda, Mitsubishi, Subaru, Mazda, Suzuki. Duka dogo haliwezi kuweka filta ya kila injini, kwa hiyo mwenye duka anayejua ipi inaweza kusimama badala ya nyingine anaokoa mtaji wake. Asiyejua atakuwa amemuuzia hasara mteja ambaye, injini inapokufa, huenda tayari yuko nchi nyingine na hana namna ya kurudi kudai.

Filta tunayoizungumzia hapa ni ile ya kopo la chuma inayofungwa kwa kuzungushwa. Ndani yake mna karatasi maalumu iliyokunjwakunjwa inayonasa uchafu na chembe za chuma. Oili inasukumwa na pampu, inaingia kwenye kopo kupitia vitundu vya pembeni, inapenya karatasi na kutokea tundu la katikati kuelekea kwenye beringi za kranki na sehemu nyingine. Kopo lote linashikiliwa na kitu kimoja tu: nyuzi za tundu la katikati, yaani ile mikato ya mzunguko inayokamata kwenye bomba fupi lililotoka kwenye injini. Hapo ndipo mambo huharibika.

Tofauti ya milimita moja

Filta za kopo za injini nyingi za petroli za Toyota zina nyuzi za kipimo cha inchi: robo tatu ya inchi, nyuzi 16 kwa kila inchi. Filta za magari mengi ya Nissan, Honda, Mazda, Mitsubishi na Subaru zina nyuzi za kipimo cha milimita: upana wa milimita 20, na umbali wa milimita 1.5 kutoka uzi mmoja hadi mwingine.

Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05. Tofauti yake na milimita 20 haifiki hata milimita moja. Umbali kati ya nyuzi nao umekaribiana, milimita 1.59 kwa 1.5. Ndiyo maana filta ya Nissan ikijaribiwa kwenye Toyota inaingia. Inazunguka vizuri, labda kwa ulegevu kidogo ambao fundi mwenye haraka hausikii, kisha gasketi inagusa injini na mkono unahisi kama imekaza. Ukweli ni kwamba nyuzi zimeshikana kwa ncha tu.

Sasa tupige hesabu. Gasketi ya filta ya gari dogo ina kipenyo cha kama sentimita 6, na eneo lililo ndani yake ni takriban sentimita 28 za mraba. Gari likiwashwa asubuhi ya baridi huko Mbeya au Kabale, oili ikiwa bado nzito, msukumo wake unaweza kufika bar 5. Bar moja ni sawa na karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Kwa hiyo kopo linasukumwa litoke kwa nguvu ya kama kilo 140, karibu uzito wa mifuko mitatu ya saruji, na kinacholizuia ni ncha za nyuzi zisizolingana.

Linaweza kushika siku moja, au mwezi. Likiachia, pampu inamwaga oili yote barabarani katika muda mfupi sana. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye magari kama Probox na IST hubeba lita 3.7 tu. Taa nyekundu ya oili itawaka, lakini dereva aliyezoea kuendelea hadi kituo kinachofuata atasikia injini ikigonga kabla hajafika.

Kinyume chake si hatari sana, kwa sababu kinajionyesha mapema. Filta ya Toyota haikubali kuingia kwenye bomba la milimita 20. Atakayeilazimisha kwa nguvu ataharibu nyuzi za bomba lenyewe, na hapo gharama si ya filta tena.

Ajabu ni kwamba chapa haisaidii kutabiri. Volkswagen nyingi za petroli zenye filta ya kopo hutumia nyuzi za robo tatu ya inchi kama Toyota, ingawa moja imetoka Ujerumani na nyingine Japani. Hata hivyo, hiyo haina maana kwamba filta zao zinabadilishana, kwani urefu, gasketi na vali vinaweza kuwa tofauti.

Vali ambazo hazionekani

Tuseme nyuzi na gasketi vinalingana. Bado kuna vali mbili ndani ya kopo. Ya kwanza ni ya mpira na kazi yake ni kuzuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Filta iliyofungwa mdomo ukiwa juu inaweza kuvumilia bila vali hiyo. Iliyolala ubavu au kupinduliwa haiwezi: kila asubuhi injini itaanza kuzunguka ikiwa kavu kwa sekunde kadhaa, na mwenye gari atasikia mlio ambao hatauhusisha na filta hata kidogo.

Vali ya pili hufunguka pale karatasi inapoziba au oili inapokuwa nzito mno, ili injini ipate oili hata kama haijachujwa. Afadhali oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Kila mtengenezaji huchagua msukumo wa kuifungua. Filta nyingi za magari madogo ya Japani hufunguka kwenye bar 1 au karibu na hapo, lakini filta za baadhi ya injini za Subaru zimewekwa kufunguka kwenye bar 1.6 hivi. Filta ya Honda au Nissan inaweza kufunga kwenye Subaru bila kuvuja tone, ila vali yake ikawa inafunguka mapema na kupitisha oili isiyochujwa. Hili haliui injini leo, linaizeesha. Zipo pia injini ambazo vali hii imewekwa kwenye bloku, na filta yake ikatengenezwa bila vali. Filta ya namna hiyo ikipelekwa kwenye injini nyingine ikaziba, oili haina pa kupita.

Kubadilishana kunakokubalika

Ubadilishanaji salama upo, na mfano wake mzuri uko ndani ya Toyota yenyewe. Injini za familia ya NZ na zile za familia ya ZZ, kwa mfano 1NZ na 1ZZ, hutumia filta zenye nyuzi na gasketi za aina moja. Kwa hiyo Probox, IST, Spacio na Corolla nyingi za miaka ya 2000 zinaweza kuhudumiwa na boksi moja la filta. Lakini herufi zisomwe kwa makini. Injini ya 2ZR, iliyokuja baada ya ZZ, haina kopo kabisa: inatumia karatasi tupu inayoingizwa ndani ya nyumba yake yenye kifuniko. Mteja akisema tu "nipe ya Corolla", muuzaji bado hajaambiwa kitu.

Namba ya kipuri ndiyo lugha ya kuaminika. Namba 90915-10001 ya Toyota na 15208-65F00 ya Nissan zinajulikana katika biashara hii, na watengenezaji wengine wa filta wana namba zao zinazolingana nazo. Kampuni ya VIC ya Japani, kwa mfano, huita ya kwanza C-110 na ya pili C-224. Orodha za ulinganisho hutolewa na watengenezaji wenyewe. Orodha ya aina hiyo ikibandikwa ukutani ina thamani kuliko kumbukumbu ya kijana wa dukani. Filta ya zamani iliyoletwa na mteja mkononi isichukuliwe kuwa ushahidi pekee, kwa sababu huenda fundi aliyepita ndiye aliyekosea. Namba ya injini au ya chesisi iulizwe.

Kuna njia nyingine isiyo na gharama kubwa. Muuzaji anaweza kuweka kaunta bolti mbili, moja ya robo tatu ya inchi yenye nyuzi 16 kwa inchi, na nyingine ya milimita 20 yenye nyuzi za 1.5. (Bolti ya kawaida ya milimita 20 ina nyuzi za 2.5, hivyo haitafaa.) Filta isiyo na maandishi ya kueleweka ijaribiwe kwenye bolti zote mbili. Ikicheza kwenye ya inchi lakini ikakaa vizuri kwenye ya milimita, si ya Toyota hata kama boksi linasema ni ya Toyota. Maboksi ya bandia yapo sokoni, na jambo hilo si geni kwa wasomaji wetu.

Kwa wanaovusha mzigo mpakani, filta za oili za injini zina namba yake ya ushuru, 8421.23, na hazimo katika kundi la vipuri vya magari la 8708. Mzigo ulioandikwa kwa jumla kuwa ni "spea" unaweza kuleta usumbufu usio wa lazima. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotolewa kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Filta za Japani au China zilizonunuliwa Kariakoo hazigeuki kuwa za Tanzania kwa sababu zimelala Kariakoo.

Wakati wa kufunga, fundi ahakikishe gasketi ya filta ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini. Gasketi mbili zikilaliana huachia kwa namna ile ile ya nyuzi zisizolingana. Gasketi mpya ipakwe oili kidogo, filta ikazwe kwa mkono hadi iguse, kisha iongezwe robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa kwenye kopo. Injini iwashwe na iachwe ikiunguruma taratibu huku mtu akiangalia chini ya gari kwa dakika chache, izimwe, kisha oili ipimwe upya kwa kijiti, kwani filta mpya nayo inameza kiasi chake.