Joto la Tanga na Atomu Zisizolistahimili: Rekodi Saba

Mwoka mikate ya mofa hahitaji kugusa tanuri ili ajue limepata moto. Husogeza kiganja tu, joto likamfikia. Joto hilo linalosafiri bila kushika kitu ndilo mnururisho wa joto, na halitoki kwenye tanuri peke yake. Ukuta wa nyumba, mchanga wa Raskazone, hata ngozi yako, vyote vinautoa usiku na mchana. Siku ambayo Tanga iko nyuzi 30 za sentigredi, kila mita ya mraba ya ukuta hutoa wati 400 na ushei. Hatuuoni kwa kuwa mawimbi yake ni marefu kuliko ya nuru. Hautuunguzi kwa kuwa nasi tunatoa wetu, tukapeana na ukuta karibu sawa kwa sawa.

Ziko atomu, hata hivyo, ambazo joto hilo la kila siku linatosha kuzivunja. Hizi hapa rekodi saba.

1. Atomu kubwa kuliko zote

Elektroni hukaa katika atomu kwa ngazi. Ile ya haidrojeni, ikiwa imetulia, iko ngazi ya 1. Ikipewa nishati hupanda, na upana wa atomu hukua kwa mraba wa namba ya ngazi: ngazi ya 10, upana mara 100. Atomu zilizopanda hivyo huitwa atomu za Rydberg, kwa jina la Johannes Rydberg wa Uswidi, aliyeiandika kanuni yake mwaka 1888.

Mwaka 2007 wanaastronomia waliotumia darubini ya redio ya UTR-2, karibu na Kharkiv nchini Ukraine, walitangaza ishara za atomu za kaboni zilizofika ngazi ya 1,009 hivi. Atomu hizo zimo katika gesi iliyotanda mbele ya Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka. Upana wa kila moja ni kama sehemu ya kumi ya milimita, yaani unene wa unywele. Kundinyota la Cassiopeia huonekana Tanga jioni za Novemba, chini upande wa kaskazini.

2. Ngazi ambapo joto la Tanga linalingana na mshiko

Kwenye ngazi ya 1, elektroni ya haidrojeni imeshikwa kwa nishati ya elektronivolti 13.6. Ukitaka mshiko wa ngazi nyingine, gawa namba hiyo kwa mraba wa ngazi. Nyuzi 30 kwa kipimo hichohicho ni elektronivolti 0.026, na mizani hukaa sawa kwenye ngazi ya 23.

Lakini fotoni za ukutani, yaani chembe za mnururisho huo, hazilingani nguvu. Zile za kwenye kilele cha mnururisho zina mawimbi ya mikrometa 9.6 na nishati ya elektronivolti 0.13. Moja tu kati ya hizo inatosha kung'oa elektroni iliyo ngazi ya 11 au zaidi. Elektroni ikishatoka, atomu imegeuka ioni.

3. Atomu zinazong'olewa upesi kuliko zote

Ungedhani kila ngazi inapopanda, elektroni hung'oka upesi zaidi. Sivyo. Katika joto la chumbani, kasi kubwa kabisa ya kung'olewa iko karibu na ngazi za ishirini na kitu. Kuendelea juu, kasi inashuka.

Mvuvi mwenye upondo ataelewa kwa nini. Kwenye maji mafupi hukita upondo chini, ngalawa ikaenda. Kwenye kina kirefu nguvu anazo zilezile, ila hana pa kukita. Elektroni nayo haiwezi kuimeza fotoni peke yake, sharti ikite kwenye kiini cha atomu. Iliyoenda mbali mno na kiini imekaribia kuwa huru, kwa hiyo fotoni nyingi huipita tu.

4. Wa kwanza kuushtaki ukuta

Mwaka 1979, Thomas Gallagher na William Cooke wa taasisi ya SRI, California, walionyesha kuwa atomu za sodiamu zilizopandishwa ngazi za juu zinapoteza hali hiyo mapema kuliko hesabu za kawaida zilivyodai. Mkosaji alikuwa joto la kuta za chombo chenyewe. Sodiamu ndiyo iliyomo kwenye chumvi inayoanikwa katika mashamba ya chumvi ya pwani yetu. Ikipandishwa ngazi, umri wake huhesabiwa kwa mikrosekunde: waja leo, waondoka leo.

5. Sanduku lililoshinda joto

Ukitaka kuzilinda atomu hizi, zipoze kuta. Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca, Moroko, alifanya hivyo mjini Paris. Vioo vilivyokuwa kuta za sanduku lake vilipozwa hadi nyuzi 0.8 tu juu ya sifuri halisi, na fotoni moja iliweza kudunda katikati yake kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, safari inayotosha kuizunguka dunia. Atomu za rubidi za ngazi ya 50 na 51 zilipita humo kuihesabu bila kuila. Kwenye nyuzi za Tanga, sanduku hilo lingejaa fotoni zaidi ya 120 za joto, na hesabu ingevurugika. Haroche alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, pamoja na David Wineland.

6. Moto mkali unaoshindwa

Saruji, ikiwemo ya Pongwe, haipatikani bila tanuri la nyuzi 1,450 hivi. Tanuri hilo hutoa mnururisho zaidi ya mara 1,000 ya ukuta wa nyumbani. Hata hivyo, fotoni zake za kwenye kilele hazifiki elektronivolti moja, na elektroni ya haidrojeni iliyotulia inadai 13.6. Moto unaoigeuza chokaa kuwa klinka ya saruji hauiwezi elektroni ya ngazi ya 1.

7. Joto lisilosaza kitu

Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Iliitwa Uhuru, kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku yake ya uhuru. Ilionyesha kuwa makundi ya galaksi yana gesi ya nyuzi makumi ya mamilioni. Humo hata chuma, chenye elektroni 26, hubakiwa na chache mno.

Udhaifu wa atomu zilizopanda sasa umepata kazi. Mwaka 2025 watafiti wa NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, walitangaza kipimajoto kinachotumia atomu za Rydberg kusoma joto bila kugusa kitu. Kwa hiyo ukiulizwa ni joto kiasi gani linavunja atomu, usitaje nyuzi kwanza. Uliza elektroni iko ngazi ya ngapi.