Mtoro Mmoja, Hasara ya Tisa

Katika shule nyingi za sekondari za Wayahudi wa Orthodox huko Marekani, mahudhurio hayaanzi na kipindi cha hesabu. Huanza na sala ya asubuhi. Sababu ipo: sala ya jamaa yataka wanaume kumi waliotimiza miaka 13. Wakiwa tisa, baadhi ya dua hazisomwi.

Hufuata Torati, kisha hesabu na sayansi. Siku huwa ndefu. Ijumaa wanafunzi huruhusiwa mapema, kabla Sabato haijaingia.

Mwaka 1925 Mahakama ya Juu ilithibitisha haki ya wazazi kuchagua shule isiyo ya serikali. Haikuondoa wajibu wa mtoto kwenda shule. Mzazi achague, mtoto ahudhurie. Mtoro hajidhulumu peke yake: huwapunguzia na wenzake.