TAULO GANI INAKAUKA UPESI NDANI YA BATO?



Wengi kati yetu wanavuka Ziwa Kivu mwanzoni na mwishoni mwa masomo: wa Bukavu, wa Idjwi, wa Kalehe, wa Minova. Tena kuna wazazi na kaka zetu ambao maji ndiyo nyumba yao: mabaharia, mafundi wa mashini, wapishi wa bato, na wavuvi wa sambaza wanaokesha juu ya mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu. Tukifunga mzigo tunawaza tiketi, chakula na jile ya kuokolea. Taulo tunaitupa tu ndani ya mfuko, yoyote ile. Kumbe taulo mbaya katika bato ni hasara, na mara zingine ni ugonjwa. Basi tuone namna ya kuichagua.

JUU YA NINI TAULO HAIKAUKI MAJINI?

Mwalimu wa fizika alitufundisha kwamba maji yanageuka mvuke yakipata mambo matatu: joto, upepo, na hewa isiyojaa unyevu. Sasa angalia chumba cha bato usiku. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya mawimbi, watu wengi wanapumua pamoja, nguo zimerundikana. Hewa imejaa unyevu na haitembei. Tena ziwa letu liko kwenye mita 1.460 hivi juu ya bahari, ni kusema usiku kuna baridi. Hewa ikipoa haiwezi kubeba mvuke mwingi. Ndiyo maana taulo uliyoitundika jioni asubuhi unaikuta ingali na maji, sawa na majani yenye umande.

Kubadilisha hewa ya ziwa hatuwezi. Kubadilisha taulo tunaweza.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Uzito wa taulo hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Tuseme taulo nene ya sentimita 70 kwa 140, yenye gramu 600 kwa mita ya mraba. Eneo lake ni mita 0,98, kwa hiyo ina uzito wa gramu 588. Sasa tuchukue taulo nyembamba ya sentimita 60 kwa 120, yenye gramu 250. Eneo ni mita 0,72, uzito ni gramu 180.

Zifue zote mbili, uzikamue kwa mkono. Tuseme kila moja imebaki na maji sawa na uzito wake. Nene itakuwa gramu 1.176, zaidi ya kilo moja! Nyembamba itakuwa gramu 360 tu. Nene ina zaidi ya nusu lita ya maji ya kukausha, nyembamba haifiki hata robo lita. Hata ukichukua taulo mbili nyembamba, zikilowa zote hazifikii uzito wa ile moja nene. Anayesema nene ndiyo ina faida ajibu hesabu hiyo.

AINA NNE

1. Taulo nene yenye manyoya. Ni zile zenye vitanzi vidogo vya uzi pande zote. Ufundi huo ulitoka Uturuki. Waingereza wakautengenezea mashini, wakauonyesha katika maonyesho makubwa ya London mwaka 1851. Vitanzi vinakunywa maji vizuri, lakini vinayaficha ndani. Taulo hiyo ni ya nyumba yenye jua na kamba ndefu.

2. Taulo bapa ya pamba. Imefumwa bila vitanzi, ama kwa vitanzi vifupi sana. Inapanguza vizuri, inakamulika vizuri, inakauka upesi. Kwa bato, hii ndiyo ya kwanza.

3. Kikwembe. Mama zetu walijua zamani! Kikwembe cha pamba kilichozeeka kinakauka kuliko taulo nyingi, na kinaweza pia kuwa shuka, kizuizi cha baridi, ama kamba ya kubebea mtoto. Wenzetu wa pwani ya bahari nao wana kikoi chao kwa kazi kama hiyo. Lakini angalia: kikwembe kipya hakikunywi maji, kwa kuwa kiwandani kimepakwa dawa ya kukifanya kigumu na cha kung'aa. Kifue mara kadhaa kwanza.

4. Mikrofiba. Ni nyuzi nyembamba sana za kiwandani, si pamba. Ni nyepesi, inakunjika kama leso, inakauka upesi sana. Ubaya wake: inashika harufu ya jasho usipoifua mara kwa mara, na inayeyuka karibu na moto. Usiisogeze kwenye mbabula ya makala wala kwenye bomba la moshi wa mashini.

UGONJWA UNAPITA HAPA

Taulo yenye maji inazaa kuvu: harufu kwanza, kisha madoa meusi. Kuvu nyingine zinaleta choa kwenye ngozi. Mukitumia taulo moja watu wengi, munagawana pia upele na macho mekundu.

Tena tusisahau mpox. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilitangaza ugonjwa huo kuwa hatari ya dunia nzima, na Kivu zetu mbili zilikuwa kati ya sehemu zilizoguswa sana. Tangazo hilo liliondolewa tarehe 5 Septemba 2025, lakini kuondoa tangazo si kuondoa ugonjwa. Mpox inapita kwa kugusana, na pia kwa nguo, shuka na taulo za mgonjwa. Ndani ya bato watu wamebanana. Kwa hiyo sheria ni moja: kila mtu na taulo yake. Shona uzi wa rangi kwenye pembe, ili asikosee mtu hata gizani.

KUFUA NA KUTUNDIKA

Maji ya Kivu hayana chumvi kama ya bahari, lakini yana madini mengi yaliyoyeyuka, karibu gramu moja kwa lita. Madini yanashikana na sabuni yakawa utando unaobaki ndani ya nyuzi, na taulo inakuwa ngumu kama ubao. Dawa yake: sabuni kidogo, kusuuza mara mbili, na kama iko maji ya mvua, ya mwisho yawe hayo.

Kamua watu wawili, kila mmoja upande wake. Kisha itundike ikiwa imefunguka yote, upande upepo unapopita, na uifunge kwa vibanio viwili, isije ikaruka ziwani. Usiikunje mara mbili juu ya kamba. Usifunike nayo jile za kuokolea, wala mlango, wala taa. Ukifika nchi kavu, kazi ya kwanza ni kuianika juani.

UKIENDA SOKONI

Birere ama Virunga, hata kwenye rundo la biwaya, fanya hivi: inyanyue uelekee jua, mwanga ukipita kidogo, itakauka. Dondoshea tone la maji. Likizama mara moja ni nzuri, likibaki juu kama lulu, itahitaji kufuliwa sana. Inuse, harufu ya kuvu haitoki kirahisi. Mwisho, usinunue moja nene kama bei hiyo inatosha nyembamba mbili. Moja ikikauka, nyingine inafanya kazi.

Neno la mwisho. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, serikali iliamuru tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya Goma ihame. Watu wengi walikimbilia bandarini na kile walichoweza kubeba mkononi. Siku kama hiyo haitupi nafasi ya kuchagua. Kitambaa chepesi kinachompanguza mtoto, kinachomfunika usiku, na kinachokauka kabla ya jioni, kiwe tayari kimekunjwa ndani ya mfuko tangu leo.